Gari Amfibia kwa Mfuko Mwembamba: Mwongozo Kamili wa Kuanza Ukiwa Mombasa

Maji yakipwa kule Mikindani, kati ya ukingo na mkondo wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, hubaki tope tupu. Mtumbwi haupiti kwa kuwa hakuna maji ya kuuinua. Pikipiki haimalizi hatua kumi. Mtu hupita, lakini hupita akizama mpaka magotini, na mzigo wa mitego ya kaa au miche ya mikoko uko kichwani. Hapo ndipo nilipoanza kulitamani gari amfibia: chombo kinachotembea nchi kavu, kinachokanyaga tope bila kuzama, na kikifika majini kinaelea na kuendelea kwa magurudumu yaleyale.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mombasa mwenye hamu hiyohiyo na pesa za kuhesabu. Maelezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu wa Kanada na Marekani, wenye maziwa ya maji matamu na mikweche inayouzwa kijiji cha pili. Sisi tuna chumvi, tuna kupwa na kujaa, na tuna forodha, na kwa hayo hesabu yote hugeuka. Nililojifunza, na ambalo ningependa ulishike kabla hujatoa shilingi, ni kwamba injini ndiyo ya mwisho kukuumiza kichwa. Injini Mombasa zimejaa. Kinachokula pesa ni bodi isiyovuja na njia ya kupeleka nguvu magurudumuni. Anza na hivyo viwili.

Kijue chombo kwanza

Gari amfibia la kawaida lina magurudumu 6 au 8. Yote huendeshwa na injini, na hakuna hata moja linalopinda kukata kona. Springi hakuna, tairi ndizo springi. Ni pana, laini, na upepo wake ni kidogo sana, paundi 2 hadi 5, wakati tairi ya gari dogo la barabarani hujazwa 30 hivi. Ulaini huo ndio unaougawa uzito juu ya tope. Majini, meno ya tairi hugeuka makasia. Usitarajie mbio: kwa magurudumu peke yake utapata kilomita 4 au 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Nchi kavu, mengi huishia kwenye kilomita 30.

Kona hukatwa kama buldoza inavyokata, kwa kuzuia upande mmoja. Argo, zinazotengenezwa na Ontario Drive & Gear ya Kanada tangu 1967, hutumia difu: ukivuta breki ya kushoto, magurudumu ya kushoto husimama, mzunguko wote huhamia kulia, gari likageukia kushoto. Max, zilizokuwa zikitengenezwa Buffalo, New York, zina giaboksi inayoukata kwanza mzunguko wa upande unaoutaka, kisha huufunga. Ninakueleza tofauti hii kwa sababu moja: difu ya namna ya kwanza imo ndani ya kila tuktuk inayopita Mwembe Tayari. Tutairudia.

Hatua ya kwanza: hesabu ya kuelea

Chukua kalamu. Watu wengi huiruka hatua hii wakakimbilia kununua, na hapa ndipo chombo kinapoamuliwa kama kitaelea au kitakuwa kaburi la pesa.

Bodi ya gari la magurudumu sita, sehemu ya chini iliyo kati ya tairi, huwa kama mita 2.2 kwa urefu na mita 0.9 kwa upana. Zidisha, kisha zidisha kwa sentimita moja ya kina, upate karibu lita 20. Maana yake, kila sentimita bodi inayozama hubeba uzito wa mtungi mmoja wa maji. Kipimo hicho kikae kichwani.

Tuseme gari lina kilo 430, watu wawili kilo 150, mafuta na vifaa 40. Jumla 620. Tairi za kawaida za vyombo hivi zina kimo cha sentimita 56 na upana wa 25, na kila moja hubeba karibu lita 50 za hewa. Zote sita ni lita 300, lakini hazizami zote, kwa hiyo hesabu 220. Zimebaki kilo 400 za kubebwa na bodi, yaani mitungi 20, yaani sentimita 20 za kuzama. Kuta za bodi zikiwa na kimo cha sentimita 55, una 35 juu ya maji. Hapo ni salama kwenye maji yaliyotulia.

Sasa ongeza watu wengine wawili. Bodi inashuka sentimita sita au saba zaidi, na wote wakiegemea upande mmoja kutazama kitu, ukuta wa upande huo unakaribia maji. Ndiyo sababu mengi ya magurudumu sita huruhusiwa watu wanne nchi kavu na wawili tu majini. Soma kibao cha mtengenezaji kama kimebaki, na ukitii.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mengine mawili. La kwanza, tairi za tuktuk hazifai kabisa. Kila moja haifiki lita 15, zote sita hazifiki 90, na wembamba wake utachimba tope badala ya kulikanyaga. Tafuta tairi za kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne wanazoendeshwa watalii Diani na Watamu. Zikichakaa kwa mchanga huwa bado zina maisha kwenye tope, mradi mpira haujapasuka pembeni. La pili, ekseli huwa sentimita kumi hivi juu ya sakafu ya bodi, na bodi inazama ishirini. Kwa hiyo matundu yote sita ya ekseli yako chini ya maji muda wote unapoelea. Likumbuke hilo tukifika kwenye sili, yaani vizibo vya mpira vya ekseli.

Hatua ya pili: kununua au kuunda

Kipya kiache. Argo mpya huanza zaidi ya dola 10,000 huko huko Amerika Kaskazini, kabla ya nauli ya meli, bima, ushuru na VAT ya asilimia 16, na ushuru huhesabiwa juu ya bei ikiwa imeshajumlishwa nauli na bima.

Kuagiza mkweche ndiyo ndoto ya wengi, na hapo Kenya ina ukuta wake: magari yaliyotumika hayaruhusiwi kuingia yakiwa yamepita miaka 8. Mashine ambazo Wakanada huuziana kwa bei ya kutupa ni za miaka ya 1980 na 1990. Kabla ya kutuma hata shilingi, nenda kwa wakala wa forodha mwenye leseni, mpe picha na mwaka wa kutengenezwa, akuambie KRA, mamlaka ya kodi, itakiweka chombo hicho fungu gani. Jibu lake lipate kwa maandishi. Niliwahi kumwamini mtu aliyeniambia kwa mdomo tu kwamba "hiyo ni mashine ya shamba, haina shida," na nikaja kulipa gharama za kuhifadhi mzigo bandarini siku baada ya siku wakati makaratasi yakibishaniwa. Fungu lote la tairi liliishia hapo.

Njia inayomfaa mwenye mfuko mwembamba ni mojawapo ya hizi mbili: kukitafuta kilichokwisha kuingia nchini na kulala, au kuunda. Vilivyolala huwa kwenye mashamba makubwa, kwenye hoteli zilizofungwa, kwenye yadi za kampuni za ujenzi na upimaji. Havitangazwi. Huulizwa kwa mdomo, kwa madereva wa malori na walinzi wa yadi, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui alicho nacho. Ukikipata, usiulize injini inawaka. Uliza ninayokuonyesha hapa chini.

Hatua ya tatu: kukagua kilichotumika

Lala chini. Bodi nyingi ni za plastiki ya polithilini, na adui wake wa kwanza ni jua. Pitisha kucha juu ya plastiki. Ikitoa unga mweupe na kuwa ngumu kama ganda la yai, imekwisha. Tazama hasa kuzunguka matundu ya ekseli na pembe za sakafu, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Ufa mdogo si mwisho wa dunia, lakini elewa jambo ambalo mafundi wengi wa fiberglasi watakukatalia: resini haishiki kwenye polithilini. Itaonekana imeshika, na siku ya tatu itabanduka kama ganda. Plastiki hiyo huchomewa kwa joto, kwa kijiti cha plastiki ya aina ileile. Wanaorekebisha matangi ya maji ya plastiki wanaijua kazi hiyo vizuri kuliko mtu wa gereji.

Kisha cheni. Fungua sakafu ya ndani. Shika cheni nyuma ya sproketi uivute kuelekea kwako; ikiachana na sproketi kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, imevutika. Hesabu cheni zote uone ni ngapi za kubadilisha, maana hapa ndipo bei inapojificha. Mashine hizi mara nyingi hutumia cheni namba 50 au 60, zenye hatua (umbali kati ya pini moja na ya pili) ya milimita 15.9 na 19. Cheni ya bodaboda nyingi, ile 428, ina hatua ya milimita 12.7. Haziingiliani, hata muuzaji akikuapia. Nenda na kipande mkononi kwenye maduka ya beringi na cheni za viwandani.

Inua gari kwa jeki na ulishikilie kila gurudumu saa sita na saa kumi na mbili, ulitikise. Likicheza, beringi ya nje imekufa, na sili imekufa kabla yake. Zungusha giaboksi kwa mkono kwenye kila gia, kisha fungua kizibo cha oili. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Kwa giaboksi ya Max, ambayo spea zake ni za kutafutwa kwa tochi, mimi ningeondoka hapohapo.

Injini iache mwisho. Kama haipo kabisa, furahia, kwa kuwa bei inashuka. Injini za petroli za pampu za maji na jenereta, zenye nguvu za farasi 13 hivi, ziko kwenye kila duka kubwa la vifaa mjini, na shafti yake ya kulala inakubali puli za mkanda unaojibadilisha mwendo. Pima unene wa shafti, pima mahali pa boliti, hakikisha inazunguka upande unaotakiwa, basi. Ikifa mwaka ujao utanunua nyingine asubuhi na kuifunga jioni.

Hatua ya nne: kama unaunda

Kwa mtu wa Mombasa, hazina iko kwenye tuktuk iliyogongwa. Injini ya Bajaj RE ina takriban cc 200 na nguvu za farasi 10 hivi, ina gia nne na rivasi, na difu yake hutoa shafti mbili, moja kulia na moja kushoto. Hicho ndicho anachokihitaji mtu wa kukata kona kwa breki. Kila shafti iendeshe ekseli ya katikati ya upande wake kwa cheni, na kutoka katikati cheni nyingine ziende mbele na nyuma. Diski ya breki ya pikipiki ifungwe kwenye kila shafti, na kila moja ipate handeli yake. Ukivuta ya kulia, unakwenda kulia. Ukivuta zote, unasimama.

Difu ya wazi ina udhaifu wake: upande unaoteleza kwenye tope ndio unaopewa mzunguko wote, na upande wenye nguvu unalala. Dawa iko mkononi mwako. Vuta kidogo breki ya upande unaozunguka bure, na nguvu itavuka kwenda upande wa pili. Jizoeze jambo hili nchi kavu mpaka mkono ulijue wenyewe.

Usiunganishe moja kwa moja bila kupunguza mwendo. Tuktuk hufika kilomita 60 kwa saa ikiwa na tairi za kimo cha sentimita 42. Ukiweka tairi za 56, mwendo unapanda theluthi na nguvu ya kusukuma inashuka robo, na kuburuta magurudumu sita kwenye kona kunataka nguvu nyingi kuliko unavyodhani. Sproketi ya meno 14 ikiendesha ya meno 42 hupunguza mara tatu. Mwendo wa juu utakuwa kilomita 27 hivi, na hapo ndipo panapotakiwa. Cheni tumia namba 50, si ya bodaboda. Ekseli ya katikati iteremshe sentimita moja chini ya nyingine ili kona zisiwe nzito.

Bodi ina mijadala yake. Eneo la kufunika, sakafu na kuta, ni kama mita za mraba 5.4. Bati la chuma la milimita 2 litakupa kilo 85 kabla ya fremu, na chumvi itaanza kulila siku ya kwanza. Alumini ya milimita 3 ni kilo 44, lakini bei yake na fundi wa kuichomea vitakukausha. Mimi ninapendelea plaiwudi ya majini iliyofunikwa fiberglasi ndani na nje. Mafundi wa boti za fiberglasi tunao pwani hii, mtu anaweza kuijenga taratibu kila anapopata pesa, na ufa unarekebishwa kwa jioni moja. Fremu ya chuma ibaki ndani, kwenye ukavu, ikibeba injini na ekseli. Bodi isibebeshwe mzigo wa cheni.

Chini ya viti, pembeni na mbele, jaza mitungi mitupu ya lita 20 iliyofungwa vifuniko kwa gundi na kukazwa kwa mikanda isisogee. Mitungi kumi ni lita 200, na pamoja na zile 300 za tairi una 500. Gari likijaa maji hadi ukingoni litabaki juu, nawe utakuwa na kitu cha kushika. Hii ndiyo bima ya bei ndogo kuliko zote na sitaki mtu yeyote aingie hori bila hiyo.

Hatua ya tano: kuziba

Mafundi wa majahazi wana kalafati, pamba na mafuta iliyogongwa katikati ya mbao, na maji yakiingia pamba huvimba na kujikaza. Ni ufundi wa kuheshimiwa, lakini huziba kitu kisichozunguka. Ekseli inazunguka. Kwa hiyo kila tundu litake beringi yenye nyumba yake inayofungwa kwa boliti kwenye ukuta, gasketi ya mpira katikati, na sili mbili zilizotazamana mgongo zikiwa na nafasi ya grisi kati yake. Weka nipo ya grisi, kile kichuchu cha kusukumia grisi, kwenye nafasi hiyo. Ukisukuma grisi mpaka itokeze nje kidogo, hiyo grisi yenyewe ndiyo mlango. Maji yakitaka kuingia yanaikuta pale.

Gasketi inakatwa kwenye tyubu kuukuu ya lori, ikapakwa silikoni kidogo pande zote mbili. Boliti ziwe stenlesi. Ila kama bodi ni alumini, usikutanishe stenlesi na alumini uchi kwa uchi, kwa kuwa kwenye maji ya bahari metali hizo mbili hugeuka betri na alumini ndiyo inayoliwa. Weka washa za plastiki katikati.

Hewa ya injini iingie kutoka juu, kimo cha mabega ya aliyeketi. Vivyo hivyo moshi. Injini ya tuktuk hupozwa kwa upepo wa feni, kwa hiyo iachie njia pana ya hewa kuingia na nyingine ya kutoka, la sivyo itachemka ndani ya sanduku. Ngamani, yaani chini ndani ya bodi maji yanapokusanyika, weka pampu ya umeme ya volti 12, na ndoo. Pampu huzibwa na jani moja la mkoko, ndoo haizibwi.

Kisha jaribu kabla ya kuelea, kinyumenyume. Lisimamishe gari juu ya magogo, funga kizibo cha sakafu, mimina maji ndani ya bodi. Mtungi mmoja kwa kila sentimita: mitungi 15 itapita juu ya matundu ya ekseli. Zunguka chini na tochi. Maji ambayo yangeingia ukiwa baharini yatatokea hapa uwanjani, mahali unapoweza kuweka alama ya chaki.

Makaratasi, kwa ufupi

Barabarani usiliendeshe, lipakie kwenye pikapu. Chombo kinachoelea kina mwenyewe, nacho ni Kenya Maritime Authority: nenda ofisini kwao uulize ukaguzi na usajili wa vyombo vidogo kabla hujaingia maji ya umma. Mikoko yote ya pwani yetu ni msitu uliotangazwa tangu 1932 na iko chini ya KFS, shirika la misitu. Maji ya mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya bahari tangu 1986, na hapo mwenyewe ni KWS, shirika la wanyamapori. Mkondo wa Kilindini ni njia ya meli na kivuko cha Likoni ni njia ya feri. Huko hakukuhusu hata siku moja.

Hatua ya sita: maji ya kwanza

Maji ya kwanza yawe matamu na yawe yamelala. Tafuta mwenye bwawa shambani upande wa Kwale au Kilifi, mwombe kwa adabu, uulize kina, na uulize kama kuna mamba au viboko. Nenda na mtu wa pili na kamba ya mita 30 iliyofungwa nyuma ya gari. Jaketi okozi kila mmoja, amelivaa na kulifunga, si kulikalia.

Ingia polepole, pua kwanza, ukingo usio mkali. Ukifika pale magurudumu ya mbele yanapoelea na ya nyuma bado yanasukuma, gari hulala kidogo kwa nyuma, usishtuke, usizime. Likielea lote, kaa tuli dakika tano ukitazama ngama. Kisha zunguka duara kulia na kushoto. Utaona linageuka pole kama mtumbwi uliojaa, na upepo unalisukuma. Toka, chomoa kizibo, pima maji yaliyotoka. Kikombe ni sawa. Ndoo si sawa. Rudi kwenye chaki. Fanya hivi siku tatu tofauti kabla ya kuiwaza bahari.

Hatua ya saba: hori, na maji yake

Sasa sikiliza wazee wa bahari kuliko unavyonisikiliza mimi. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mchanga. Mwezi ukiwa na siku 8 hivi au 22, huwa maji mafu, na tofauti hupungua sana. Mwanafunzi aende maji mafu. KPA, mamlaka ya bandari, hutoa majedwali ya kupwa na kujaa. Lipate la mwaka, na ukumbuke saa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku.

Ingia maji yakianza kujaa, usiingie yakianza kupwa. Ukikwama tope la Jomvu wakati maji yanajaa, ngoja, yatakuja kukuinua. Ukikwama yakipwa, una saa nyingi za kukaa hapo na jua lako. Na injini ikizimika wakati wa kujaa, mkondo utakusukuma juu, ndani ya hori; wakati wa kupwa utakupeleka mdomoni, kwenye bahari kuu. Kibaya zaidi ni kukwama kileleni mwa bamvua, kwa kuwa maji hayatarudi kimo kile mpaka bamvua ya pili, wiki mbili baadaye.

Chombo chako kina kilomita 4 au 5 kwa saa. Penye wembamba, kama chini ya Daraja la Nyali, mkondo wa bamvua unaweza kukushinda, nawe ukawa unasukuma mbele huku unarudi nyuma. Bakia ndani, mahali papana. Msimu wa kusi upepo hukaza mchana, kwa hiyo toka asubuhi. Beba nanga ndogo na amari (kamba) yake, kasia, na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Pondo hasa: kwenye maji ya kiuno husukuma gari vizuri kuliko tairi.

Na mikoko, nakusihi. Mchu na mlilana hupumua kwa mizizi ile midogo inayochomoza topeni kama penseli. Gari lako halizami topeni, lakini kugeuka kwa kuburuta tairi hukata mizizi hiyo kwa mamia, na mti hufa taratibu wakati wewe umeshasahau. Pita kwenye tope tupu na mikono ya maji, kata kona kubwa za upole, na penye mizizi shuka ubebe mzigo kwa miguu. Vikundi vya akina mama na vijana vimepanda miche humo kwa miaka. Waulize njia zao, nawe uziheshimu.

Ukiwa na kidonda mguuni, kifunge kabla ya kushuka. Hori ya Tudor, hiyo inayofika Mikindani, hupokea maji machafu ya mitaa.

Hatua ya nane: kuosha, siku ileile

Tenga pesa za hatua hii tangu mwanzo, kila mwezi, kama unavyotenga za petroli. Chumvi hailali. Osha jioni hiyohiyo, na osha kwa maji matamu ya kweli. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi yake. Ukitumia hayo umepaka chumvi juu ya chumvi. Maji ya mvua kwenye tangi ndiyo bora, na msimu wa masika kinga kila tone la paa.

Anza ndani: mimina maji ngamani, endesha magurudumu yakiwa juu ya magogo ili cheni zijisuuze, toa maji, rudia. Kisha nje, diski za breki, waya, miguu ya injini. Acha gari wazi likauke kwa upepo. Cheni zikikauka zipake oili nzito kwa brashi, zizungushe, zipake tena. Sukuma grisi mpya kila nipo mpaka ile kuukuu itoke, na itazame: ikitoka nyeupe kama maziwa, sili ya hapo imeshaanza kupitisha maji, na bado una muda wa kuibadilisha kabla beringi haijaliwa. Viungo vya umeme vipake vaselini.

Kizibo cha sakafu kiache wazi gari likiwa limelala, maji ya mvua yapate pa kutokea. Kifunge kwa kamba kwenye handeli ya kulia, ili mtu yeyote asiweze kuishika handeli hiyo bila kukigusa kwanza.